Waya usioujua kazi yake unaweza kuunguza kifaa chako

KATIKA nyumba nyingi za mijini kuna droo, kikapu au mfuko wa plastiki uliojaa nyaya ambazo hakuna anayekumbuka zilitoka wapi. Humo kuna chaja ya simu iliyokwishakufa, waya wa king'amuzi cha zamani, adapta iliyobaki baada ya ruta kuungua, na kile kipande kidogo chenye tundu upande mmoja na pini upande wa pili, ambacho kila anayekiona hukigeuzageuza kisha akakirudisha mahali pake.

Tatizo huanza siku kifaa kimoja kinapokosa waya wake. Mwenye nyumba hufungua mfuko, hujaribu plagi moja baada ya nyingine, na ile inayoingia bila kulazimishwa huichukua kuwa ndiyo yenyewe. Wakati mwingine hubahatika. Wakati mwingine husikia mlio mdogo, hunusa harufu ya plastiki iliyoungua, na kifaa hakiwaki tena.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Umbo la plagi lilipangwa na watengenezaji ili waya ushike vizuri kwenye tundu. Halikupangwa kumwambia mtumiaji ni umeme wa kiasi gani unaopita ndani. Habari hiyo imeandikwa kwingine, na mara nyingi ipo wazi kwa yeyote atakayechukua dakika moja kuisoma.

Mfano mzuri ni plagi ya duara yenye tundu katikati, inayotumiwa na ruta, ving'amuzi, taa za mapambo, kamera za ulinzi na vinanda. Plagi iliyoenea zaidi ina upana wa milimita 5.5 kwa nje na tundu la milimita 2.1 ndani. Nyingine inayofanana nayo kabisa kwa macho ina tundu la milimita 2.5.

Plagi hiyo hiyo ya milimita 5.5 hubeba volti 5 kwa kifaa kimoja, volti 9 kwa kingine, volti 12 kwa king'amuzi, volti 19 kwa baadhi ya kompyuta za mkononi na volti 24 kwa taa za mapambo. Mtu anayechukua adapta ya kompyuta na kuichomeka kwenye ruta ya volti 9 ameingiza zaidi ya mara mbili ya umeme uliokusudiwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma kibandiko cha adapta, maandishi ambayo aghalabu ni madogo kiasi cha kuhitaji miwani au kamera ya simu. Mstari unaoanza na neno INPUT unahusu umeme wa ukutani unaoingia. Mstari wa OUTPUT ndio unaoeleza kinachotoka kwenda kwenye kifaa, kwa mfano 12V na 1.5A.

Volti za adapta lazima zilingane na volti zilizoandikwa kwenye kifaa chenyewe, kwa kawaida chini yake au pembeni mwa tundu la kuchomekea. Ampea ni suala tofauti, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Volti zinaweza kufananishwa na kasi ya msukumo wa maji kutoka kwenye tangi. Kifaa hakina uwezo wa kuikataa. Ampea ni kiasi ambacho adapta inaweza kutoa ikiombwa. Ruta inayohitaji ampea 1 ikipewa adapta ya ampea 3 yenye volti zile zile itachukua ampea 1 tu na kuendelea na kazi. Ikipewa adapta ya ampea 0.5, adapta itapata joto, na ruta itakuwa ikijizima na kujiwasha yenyewe, hali ambayo wengi huidhani kuwa ni ubovu wa mtandao.

Pembeni mwa volti huwa kuna alama. Mstari mmoja ulionyooka wenye vistari vifupi chini yake unamaanisha umeme unaokwenda upande mmoja, kama wa betri. Alama ya wimbi inamaanisha umeme unaogeuka mwelekeo, kama wa ukutani. Adapta chache, hasa za simu za mezani na baadhi ya vifaa vya muziki vya zamani, hutoa umeme wa namna hii ya pili, nazo haziwezi kuchukua nafasi ya zile za kwanza hata kama volti zinalingana.

Kuna pia mchoro mdogo ambao watu wengi huupita bila kuutazama: kitone kilichozungukwa na duara lililo wazi upande mmoja, kikiunganishwa na alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili. Mchoro huo unaeleza kama chanya ipo kwenye tundu la katikati ya plagi au kwenye ganda la nje.

Vifaa vingi vya nyumbani vinataka chanya katikati. Lakini vinanda vingi vya zamani vya Casio vilitumia volti 9 na hasi katikati, wakati vinanda vingi vya Yamaha hutumia volti 12 na chanya katikati. Vile visanduku vya kukanyaga vya wapiga gitaa navyo kwa kawaida hutumia volti 9 na hasi katikati. Katika kanisa au ukumbi wa muziki ambako vyote hivyo hukaa pamoja na kufungashwa usiku kwa haraka, adapta kubadilishana si jambo la ajabu. Anayeandika jina la kinanda juu ya adapta yake kwa kalamu ya wino usiofutika hufanya kazi ya maana kuliko inavyoonekana.

Mstari wa INPUT nao usipuuzwe, hususan kwa vifaa vya mitumba. Marekani hutumia umeme wa volti 120 na Japan volti 100, wakati kiwango cha Tanzania ni volti 230 na cha Kenya volti 240. Adapta iliyoandikwa 100-240V itafanya kazi popote. Iliyoandikwa 100V au 120V peke yake, ikichomekwa kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi kwa kutumia kigeuzi cha plagi cha bei ndogo, itaungua ndani ya muda mfupi, na ikiwa imewekwa juu ya zulia au pazia lipo karibu, hasara haiishii kwenye adapta.

Alama nyingine kwenye kibandiko ni za kujifunza mara moja tu. Mraba ndani ya mraba maana yake ni kwamba kifaa kina kinga maradufu na hakihitaji waya wa ardhini. Picha ya nyumba maana yake kitumike ndani tu. Pipa la taka lililokatwa kwa msalaba maana yake kisitupwe pamoja na taka za kawaida.

Upo waya ambao hauna kibandiko chochote. Huo nao husemekana kuwa hauna habari, na hiyo si kweli. Ukiukunjua na kuupeleka mwangani utaona herufi zilizochapwa kwenye ganda lake kwa urefu wote.

Waya wa kawaida wa USB, kwa mfano, unaweza kuwa na maandishi 28AWG/1P na 24AWG/2C. AWG ni kipimo cha Marekani cha unene wa waya, na kinakwenda kinyume na matarajio: kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo waya unavyokuwa mnene. Maandishi hayo yanasema kuwa ndani kuna jozi moja ya nyaya nyembamba za kupitisha taarifa, na nyaya mbili nene zaidi za kupitisha umeme.

Ikiwa sehemu inayohusu jozi haipo, huenda huo ni waya wa kuchaji tu. Ndiyo maana simu huchaji lakini kompyuta haioni picha zake, na mwenye simu huhangaika na programu wakati nyaya za taarifa hazimo kabisa.

Unene una gharama yake. Kwa waya wa mita moja unaopitisha ampea 2, shaba ya namba 24 hupoteza takriban volti 0.34 njiani, kwenda na kurudi. Shaba ya namba 28 hupoteza takriban volti 0.85, na kwa chaja inayotoa volti 5 hicho ni kiasi kikubwa. Simu inayochelewa kujaa mara nyingi haina ugonjwa wowote.

Maandishi mengine kwenye ganda, kama 80°C na 30V, huwatisha watu bure. Hayo ni mipaka ya uvumilivu wa ganda lenyewe, joto na volti ambazo plastiki hiyo imepimwa kuzistahimili. Hayana maana kwamba waya unapitisha volti 30. Waya wa antena ya runinga ulioandikwa 75 OHM, na ule wa kompyuta ulioandikwa CAT5E au CAT6, hujitambulisha wenyewe kwa namna hiyo hiyo.

Halafu kuna lile donge. Nyaya nyingi za kompyuta, kamera na adapta zina uvimbe wa plastiki karibu na ncha moja, na yapo maelezo mengi ya mitaani kuhusu uvimbe huo, likiwemo la kwamba ndani yake kuna fyuzi au betri.

Ndani yake kuna pete ya feriti, aina ya kauri inayotengenezwa kwa oksidi ya chuma ikichanganywa na madini mengine. Waya mrefu huweza kufanya kazi kama antena bila kukusudiwa, ukirusha au kunasa mawimbi ya redio yanayosababisha mikwaruzo. Pete hiyo huyazuia mawimbi ya kasi kubwa yasipite, huku umeme wa kawaida ukipita bila taabu.

Feriti iligunduliwa na Wajapani wawili, Yogoro Kato na Takeshi Takei, mwaka 1930 jijini Tokyo, na mwaka 1935 kampuni ya TDK ilianzishwa ili kuitengeneza kibiashara. Ni TDK hiyo hiyo ambayo wasomaji wenye umri kidogo wanaikumbuka kwa kanda zake za kaseti.

Lakini si kila donge ni feriti, na tofauti hiyo imekuwa na umuhimu mkubwa kwa watu wa mijini katika miaka ya karibuni. Nchini Tanzania, wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, waya mmoja ulikuwa wa msaada sana kwa wenye ofisi za nyumbani: una plagi ya USB upande mmoja na ile plagi ya duara upande wa pili, na huwezesha ruta kufanya kazi kwa pawa benki.

Pawa benki hutoa volti 5. Ruta inataka 9 au 12. Kazi ya kupandisha volti hufanywa na sakiti ndogo iliyomo ndani ya donge la waya, au ndani ya kichwa cha plagi chenyewe, na kwa kawaida volti zinazotoka zimeandikwa hapo hapo.

Upo waya mwingine wenye ncha zile zile mbili usio na sakiti yoyote, unaopitisha volti 5 kama zilivyo, uliotengenezwa kwa ajili ya taa, spika ndogo au feni. Ukichomekwa kwenye ruta ya volti 12, ruta haitawaka au itawasha taa moja na kunyamaza. Kinyume chake ndicho chenye madhara: waya wa kupandisha hadi volti 12 ukichomekwa kwenye kifaa cha volti 5, kifaa hicho huenda kikafa papo hapo. Nyaya hizi mbili zikikaa kwenye mfuko mmoja bila alama, ajali inasubiri siku yake.

Hatari ya aina hiyo ipo pia kwenye kisanduku kidogo chenye matundu mawili ya waya wa mtandao, ambacho hubaki ukutani pale mpangaji mmoja anapohama na mwingine anapoingia. Tundu moja limeandikwa LAN na jingine POE. Wengi hudhani ni cha kugawa intaneti.

Kisanduku hicho hupeleka umeme kwenye antena iliyo juu ya paa kupitia waya ule ule wa mtandao, ili fundi asilazimike kupandisha waya wa pili. Tundu la LAN huenda kwenye ruta au kompyuta, na la POE huenda kwenye antena.

Vile vinavyofuata kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwaka 2003 huuliza kwanza kama kifaa cha upande wa pili kinahitaji umeme kabla ya kuutoa. Lakini vingi vinavyotumiwa na watoa huduma wa intaneti ya antena ni vya volti 24 visivyouliza kitu. Hutoa umeme wakati wote. Kompyuta ikichomekwa kwenye tundu la POE la kisanduku cha aina hiyo, sehemu yake ya mtandao inaweza kuharibika.

Si kila fumbo lina hatari. Waya bapa wa rangi ya samawati wenye kichwa cha mtandao upande mmoja na kichwa kipana chenye matundu tisa upande wa pili, unaopatikana katika makabati ya ofisi nyingi, ulikuja na vifaa vya mtandao vya Cisco. Hutumika kutoa amri kwa kifaa kinapowekwa mara ya kwanza. Ukichomekwa kwenye tundu la kawaida la mtandao utaingia barabara, na hautafanya lolote.

Waya mwembamba wenye pini ya sikioni upande mmoja na kijicho cheusi upande wa pili ni wa rimoti. Kijicho hicho hubandikwa mahali panapoonekana, ili king'amuzi kilichofichwa ndani ya kabati kiweze kupokea amri.

Na kile kipande kidogo chenye tundu na pini? Katika mifuko mingi ya Afrika Mashariki, ni kigeuzi cha Nokia. Simu za zamani za kampuni hiyo zilitumia chaja yenye pini ya milimita 3.5, na katikati ya muongo wa 2000 ikahamia kwenye pini nyembamba ya milimita 2. Kigeuzi hicho kiliiwezesha chaja ya zamani kuhudumia simu mpya. Wenye simu za vitufe za pini nyembamba bado wanaweza kukihitaji.

Waya wa runinga wenye rangi tatu unajulikana zaidi: njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Ukiona kijani, bluu na nyekundu, zote tatu ni za picha, na sauti inahitaji waya wake.

Usumbufu upo kwenye waya ambao rangi hizo tatu huishia kwenye pini moja ya milimita 3.5 yenye pete tatu nyeusi, unaotumiwa na ving'amuzi vidogo na vichezeshi vya DVD vya mkononi. Aina hii ilizidi majumbani wakati wa kuhamia matangazo ya dijitali, ambapo mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa Desemba 31, 2012. Watengenezaji hawakukubaliana ni sehemu gani ya pini ibebe nini. Waya wa kifaa kimoja ukiwekwa kwenye kingine, runinga hutoa mvumo badala ya picha.

Kabla ya kununua mwingine, hamisha plagi za rangi upande wa runinga: weka nyekundu palipo na njano, kisha nyeupe. Mara nyingi picha hutokea. Isipotokea kwa mpangilio wowote, basi ile sehemu inayorudisha umeme nayo imewekwa mahali tofauti, na waya huo haufai kwa kifaa hicho. Jaribio hili halina madhara, kwa kuwa umeme unaopita humo ni mdogo sana.

Ilitarajiwa kwamba vurugu hizi zingekwisha. Mwaka 2009 watengenezaji wakubwa wa simu walikubaliana na Kamisheni ya Ulaya kutumia chaja ya micro-USB, na tangu Desemba 28, 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la USB-C. Kwa kompyuta za mkononi, tarehe iliyowekwa ni Aprili 28, 2026. Apple, iliyokuwa na waya wake tangu 2012, ilihamia USB-C kwa simu za iPhone 15 mwaka 2023.

Umbo limekuwa moja, lakini yaliyomo ndani yanatofautiana kuliko zamani. Waya mmoja wa USB-C hupitisha taarifa kwa kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, na mwingine unaofanana nao hupitisha gigabiti 40. Mmoja unaishia wati 60, na mwingine, wenye kidubwasha cha kielektroniki cha kutaja uwezo wake, unafika wati 240. Nyaya bora huandikwa namba hizo kichwani, nyingi haziandikwi.

Faida ni kwamba chaja ya USB-C inayofuata kiwango huanza na volti 5 na haipandi mpaka kifaa kiombe. Makosa hapa, kwa kawaida, huishia kwenye kuchaji polepole. Uangalifu unahitajika kwa waya wenye USB-C upande mmoja na plagi ya duara upande wa pili, kwa sababu huo umeundwa kuomba volti 12 au 20 kwa niaba ya kifaa kisichojua kuomba.

Adapta ambayo kibandiko chake kimefutika inaweza kupimwa kwa multimita. Kidole chekundu cha mita huwekwa ndani ya tundu la plagi na cheusi kwenye ganda la nje. Namba ikitokea bila alama ya kutoa, chanya ipo katikati. Adapta nyepesi za siku hizi huonyesha volti zake halisi. Zile nzito za zamani, zenye transfoma ndani, huonyesha zaidi zikiwa hazijabeba mzigo. Iliyoandikwa 9 inaweza kusoma 13, nayo ni nzima.

Adapta isiyo na maandishi yanayosomeka, na ambayo haijapimwa, isichomekwe kwenye kifaa chochote. Ipelekwe kwa fundi. Kama haifai, plagi yake na kipande cha waya huweza kukatwa na kuungwa kwenye adapta nyingine nzima iliyokatika shingoni, mahali ambapo nyingi hukatikia.